Kihusishi kiko wapi?

Katika masomo ya sarufi huku kwetu, zoezi la kupigia mstari vihusishi limekuwa kama sala ya asubuhi. Mwanafunzi hupewa sentensi, naye huzifasiri moyoni kwa Kifaransa, hutafuta palipo "dans", "sur" au "pour", kisha huweka kalamu hapo. Mwalimu akisahihisha kwa kipimo hichohicho, kosa halionekani.

Tuitazame sentensi hii: "Mama alimpikia mtoto uji." Kwa Kifaransa "pour" haikosekani, kwa Kiswahili uhusiano huo umo ndani ya kitenzi, katika kauli ya kutendea. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliita umbo hilo la kitenzi kwa jina la kihusishi. Vivyo hivyo "juu ya meza": "juu" ni jina, na "ya" hupatana nalo kama ilivyo katika "nguo ya mtoto". Kirai kihusishi hicho, kikichunguzwa, ni kirai nomino. Vinavyobaki, kama "hadi", "tangu" na "katika", ni vichache mno.

Mambo huwa magumu zaidi hapa Lubumbashi. Mwanafunzi akiandika "mu nyumba" husahihishwa "nyumbani", na hiyo ni haki palipotakiwa Kiswahili sanifu. Lakini akiambiwa kwamba "mu" ni kihusishi sawa na "dans", siafiki. Tusikilize wenyeji: "Mu nyumba muko batu." Kitenzi kimepatana na "mu". Lini "dans" ilitawala kitenzi? Tunayo hapa ngeli ya mahali, kama ilivyo katika Kibemba na Kiluba, nayo sanifu huihifadhi katika "nyumbani mna watu". Mtu atanijibu kwamba hata "katika chumba mna watu" husemwa. Ni kweli, na jibu hilo linaitenga "katika" yenyewe na "dans".

Hata hivyo, si kila msemaji huutunza upatanisho huo. Wako wanaotumia "kuko" popote, na kwao huenda "mu" inaelekea kuwa kihusishi kamili. Hilo linadai utafiti wa mitaani, sokoni na majumbani, wala halijibiki kwa tafsiri. Kwa sasa zoezi lingeweza kubadilishwa kidogo tu: mwanafunzi akitange kirai cha mahali mwanzoni mwa sentensi, kisha atazame kitenzi kinapatana na nini, kabla ya kupiga mstari wowote.