Namna ya Kupima Kazi ya Mchambuzi wa Mahitaji

Hati ya mahitaji ikiletwa mezani, kurasa tisini na michoro yenye mishale, wengi huanza na utangulizi. Utangulizi hauna kitu. Malengo ya miradi ya programu hufanana kuanzia Bujumbura hadi Mombasa: kuongeza ufanisi, kupunguza makaratasi, kuboresha huduma. Mimi huenda moja kwa moja pale mchambuzi alipoeleza namna mtu anavyoandikishwa, nikatazama nafasi ya jina.

Tuseme hati ni ya mfumo wa vituo vya afya vya Burundi, na pale pameandikwa "jina la kwanza, jina la ukoo". Hapo nimeshajua mengi. Warundi walio wengi hawarithishani jina. Baba anaweza kuwa Ndayizeye, mama Nizigiyimana, mtoto wa kwanza Irakoze na mdogo wake Nshimirimana, kila mmoja na lake, kisha la dini likafuata: Aline, Jean-Marie, au kwa Waislamu wa Muyinga na Buyenzi, Hassani na Zaina. Wapo wa mjini wanaowapa watoto jina la baba, lakini huwezi kujenga mfumo wa nchi juu ya hao. Programu itakayotafuta familia moja kwa jina moja itarudi mikono mitupu, na ikitafuta Ndayishimiye peke yake italeta umati. Mchambuzi aliyekaa asubuhi moja tu kwenye benchi la wagonjwa angelijua hilo kabla ya saa nne.

Mchambuzi wa mahitaji, ambaye ofisi nyingi humwita BA, ni mtu wa katikati. Upande mmoja yuko muuguzi, karani au mfanyabiashara anayejua kazi yake lakini hajawahi kuieleza kwa mtu asiyeijua; upande wa pili yuko mwandika programu atakayejenga alichoambiwa na asichoambiwa atakibuni mwenyewe. Chama cha kimataifa cha fani hii, IIBA, kilianzishwa Kanada mwaka 2003, na kitabu chake cha mwongozo, BABOK, kina toleo la tatu tangu 2015. Vyeti vyake si vibaya. Ila cheti hakikuonyeshi kama mtu anajua kutazama daftari.

Twende Ryansoro basi, kusini mwa mji wa Gitega. Kwa ramani ya zamani ilikuwa mojawapo ya komini 11 za mkoa huo, nchi ya vilima, migomba na kahawa. Katika kituo cha afya cha mahali kama hapa daftari la wagonjwa ndilo mfumo wenyewe: tarehe, namba, jina, umri, jinsia, kilima anakotoka, ugonjwa, dawa. Tena daftari hilo ni pesa. Mei 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Mwaka huohuo yakaanza mikoani majaribio ya malipo kwa matokeo, ule utaratibu wa PBF, na Aprili 2010 ukaenea nchi nzima ukiunganishwa na huduma za bure. Kituo hulipwa kwa idadi ya huduma kilizotoa. Mwisho wa mwezi wakaguzi huja kuhesabu mistari ya daftari na kuilinganisha na taarifa iliyopelekwa. Baadaye chama cha wenyeji hupewa majina kadhaa na kupanda vilima kuwatafuta wenye majina: je, mtu huyu yupo? Alikwenda kituoni? Alipata huduma iliyoandikwa?

Sasa soma tena nafasi ya jina na ya kilima ukiwa na jambo hilo kichwani. Mgonjwa wa kweli aliyeandikwa vibaya hapatikani, na asiyepatikana hana tofauti na hewa. Kosa la tahajia linageuka kuwa tuhuma ya udanganyifu. Hati nzuri itakuwa imeuliza mtafutaji akifika kilimani anamtajaje mtu: kwa jina la mume, la mama, la mkuu wa nyumba kumi? Itakuwa imeweka nafasi ya jambo hilo, hata kama mwandika programu alinung'unika kwamba jedwali linakuwa refu. Hati mbovu itakuwa imeandika "anwani", basi.

Umri nao una mtego wake. "Chini ya miaka 5" inaonekana wazi mpaka afike mama asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aseme alizaliwa wakati wa mavuno ya maharage. Maharage huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ninapopima kazi ya mchambuzi hutafuta sentensi itakayomwambia mwandika programu afanye nini hapo: tarehe isipojulikana, nani anakadiria? Kadirio linawekwa alama ili lisije likachanganywa na tarehe ya uhakika? Mtoto akitimiza miaka 5 katikati ya matibabu, bure inaishia wapi? Mchambuzi hodari huandika pia jibu limetoka kwa nani na lini, kwa sababu kesho mhasibu wa wizara atauliza, na "tulikubaliana kikaoni" haitamtosha.

Hapa niseme kidogo kuhusu kuuliza, maana ubora wa hati huanzia kwenye swali. Ukipata nafasi ya kumsikiliza mchambuzi akifanya mahojiano, ifuate. Anayeuliza "Mnahitaji ripoti ya aina gani?" ataambiwa ripoti zote. Anayeuliza "Muganga, mara ya mwisho mtoto alipokuja bila karatasi yoyote, ulimwandikaje?" atafunuliwa daftari, na humo ataona safu ambayo haikuchapwa kiwandani: muuguzi ameipiga kwa rula, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu aliyetengeneza daftari alisahau kitu. Safu hiyo ya wino mwekundu ina thamani kuliko warsha ya siku tatu hotelini. Tena amuulize muuguzi akiwa peke yake. Mbele ya mkuu wa kituo, na mgeni ametoka mji mkuu na gari la mradi, kila swali litajibiwa "ndiyo". Ukiona kwenye kiambatisho kwamba waliohojiwa wote ni wakuu, punguza imani kwa nusu.

Lugha inastahili jicho pia. Burundi mazungumzo huwa ya Kirundi, fomu ni za Kifaransa, na mwandika programu huenda yuko Nairobi anasoma Kiingereza. Maana hudondoka njiani. Napenda hati inayonukuu maneno ya mhojiwa kama alivyoyasema, ndipo itafsiri chini yake, ili mtu mwingine aweze kupinga tafsiri.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote siku hizi ni ramani. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Mpangilio mpya ulianza kutumika 2025. Muyinga iliyokuwa mkoa wenye komini 7 ikaingizwa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Gitega ikabaki na jina lake lakini ikameza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Fikiria mfumo ambao jina la mkoa limeandikwa ndani ya namba ya mgonjwa. Au grafu inayoonyesha malaria "imepanda sana Gitega" mwaka 2025, kumbe kilichopanda ni eneo. Mchambuzi mzuri, hata kabla ya sheria hiyo, alijua kwamba mipaka ni uamuzi wa watu na uamuzi hubadilika. Alimpa kila kituo namba isiyobeba maana yoyote, akaitenga na jina la mahali, na kila uhusiano wa kituo na komini au mkoa akaupa tarehe ya kuanza na ya kwisha. Sentensi mbili tu kwenye hati. Bila hizo, vijana kadhaa watatumia miezi wakisahihisha rekodi moja moja. DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Burundi, Kenya, Tanzania na Uganda, hupanga kila kitu kwa ngazi za maeneo. Anayeitumia bila kuwaza habari ya mipaka anajitafutia taabu.

Mfano wa kazi iliyouliza swali sahihi upo Tanzania. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulipoanza 2017, ungeweza kuishia kuwa mlango mwingine tu wa kulipia kwa simu. Ugumu ulikuwa kwa mhasibu: fedha imeingia benki, ya nani, kwa ankara ipi? Jawabu likawa control namba, namba moja kwa ankara moja, iwe umelipa kwa benki, wakala au simu. Leo mama anayelipia ada ya chuo cha mwanawe haijui GePG, lakini control namba anaidai mwenyewe kabla hajatoa pesa.

Mahitaji ya kasi na uimara nayapitia haraka, kwa kuwa hapo hati mbovu hujitaja. "Mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia" si hitaji, ni dua. Nataka kusoma hivi: umeme ukikatika katikati ya kusajili, kilichokwisha kuandikwa kisipotee, intaneti isipokuwepo siku saba, kituo kiendelee kufanya kazi na kutuma baadaye, mwandikishaji mpya amsajili mgonjwa bila msaada baada ya mafunzo ya nusu siku. Vitu vya kujaribiwa, vya kufaulu au kufeli.

Kisha natafuta orodha ya yaliyokataliwa. Wizara ilitaka alama za vidole, mfadhili akataka ramani ya satelaiti, mkurugenzi akataka apu ya simu yake. Mchambuzi asiyekataa kitu ni karani wa matakwa. Aliye imara huandika ombi, sababu ya kuliacha, na aliyeidhinisha liachwe. Orodha hiyo ikiwa tupu, ama hakuna aliyeomba kitu, jambo lisilowezekana, ama kila kilichoombwa kimeingia.

Na daftari la karatasi? Washauri wengi huahidi kuliondoa. Penye PBF mkaguzi huhesabu mistari ya daftari, hivyo muuguzi hataliacha mpaka kanuni ya ukaguzi ibadilike, na kuibadilisha si kazi ya programu. Hati inayolifahamu hilo hupanga skrini ifuate mpangilio wa safu za daftari, kushoto kwenda kulia, ili anayenakili asirushe macho huku na huko.

Kabla ya kutoa hukumu ya mwisho naangalia bajeti. Siku za uchambuzi ndizo hukatwa kwanza zabuni inapobanwa, kwa kuwa mteja haoni skrini yoyote siku hizo. Mfumo wa nchi nzima uliotengewa siku tano za kuzungumza na watu, zote Bujumbura, umeshaeleza ubora wake. Tafuta mstari wa mafuta ya gari, wa malazi Gitega na Muyinga, na tarehe za safari: zikiangukia Aprili, mvua zikiwa zimekolea na barabara za vilimani ni tope, uliza ni vituo vingapi vilifikiwa kweli.