Sachangwan: Debe la Viazi Lisilo na VAT

Jamani, ukisafiri kwenda Eldoret, Kisumu au hata Kampala kwa njia ya Nakuru, acha buti tupu! Ukishapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, utaona ndoo na madebe yamepangwa kando ya barabara. Hiyo ndiyo Sachangwan. Nimesimama, nimenunua, na sioni haya kusema kwamba kwa mgeni anayechukia kodi, Kenya nzima haina duka linaloishinda.

Viazi kwanza, maana viazi ndio wafalme hapa. Ni vya aina ya shangi, vimetoka shambani na udongo wake, vina macho ya rangi ya waridi na vinaiva upesi hata kwa moto wa makaa. Vifikiche kwa kidole gumba kabla ya kulipa: ganda likichubuka, ni vichanga, vitamu mno leo lakini safari ndefu havitaivumilia. Kisha mtazame muuzaji akijaza debe. Akifika ukingoni hakomi. Anapachika kiazi juu ya kiazi, kimoja kimoja, mpaka kilele kinasimama chenyewe! Na bado kuna nyongeza. "Niongezee basi, mama." "Haya, chukua na karoti, mteja wangu." Supamaketi gani itakufanyia hivyo?

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe. Sheria ya VAT ya 2013 imeyasamehe mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa. Viazi, karoti, kabeji, minji: hata senti moja ya VAT haiwekwi juu yake! Viazi hivyo hivyo vikikatwa, vikakaangwa na kufungwa kwenye pakiti ya krispi, vinatozwa asilimia 16. Katika kila shilingi 1,000 utakazolipa dukani kwa bidhaa kama hiyo, karibu 138 ni kodi.

Linganisha na Dubai, ambako ndugu zetu wengi huenda kununua vitu. Mgeni hurudishiwa VAT huko tangu Novemba 2018, lakini lazima anunue bidhaa za angalau dirham 250. Kodi ndani yake ni kama dirham 12. Anarudishiwa asilimia 85 tu, kisha anakatwa dirham 4.80 za huduma, anabaki na dirham 5 na ushee. Na hapo ameshapanga foleni uwanja wa ndege! Uingereza nayo ilifuta marejesho ya aina hiyo kwa wageni wanaonunua London na miji mingine ya kisiwa kikuu, kuanzia Januari 1, 2021. Kwetu Kenya mgeni hana dirisha la kudai VAT anapoondoka. Hapa Sachangwan hahitaji dirisha, hakuna alichokatwa.

Kusema kweli, kodi haikosi kabisa. Mafuta ya gari yanatozwa VAT, iliyopandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023, na gharama hiyo inapanda lori pamoja na mazao. Ada za kaunti nazo zipo kwa wanaobeba kwa magunia. Ndiyo sababu inayonifanya nipende kununua hapa hapa, karibu na shamba, kabla safari haijaongeza bei. Madukani pia ulizia unga wa mahindi na mkate wa kawaida, ambavyo VAT yake ni sifuri. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuutoza mkate, wananchi wakapaza sauti, pendekezo likaondolewa.

Wakenya wengi wakisikia jina la Sachangwan hukumbuka Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipoanguka, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Waheshimu hao, na uheshimu barabara. Malori ni mazito na mteremko ni mkali, kwa hiyo toka kabisa kwenye lami, egesha mbali, na watoto washukie upande wa mashamba.

Usinunue shangi za miezi miwili, huchipua haraka. Zifunike gunia au kitambaa kizito ndani ya buti, kwa kuwa mwanga huzigeuza kijani na uchungu. Karoti na minji ziwe juu, kabeji pembeni, na ukifika nyumbani vimwage viazi sakafuni penye giza na hewa kabla hujavua viatu.