Siti binti Saad na Neno "Kujiona"

Kiswahili kina mashaka na mtu anayejitazama. Chukua kiambishi -ji- ukitie katika kitenzi kisicho na hatia yoyote, na mara nyingi utapata shutuma: kujisifu, kujitapa, kujikweza, kujishaua, kujisikia. Kuona si dhambi. Kujiona ni kiburi. Ndiyo maana kujithamini na kujiamini, yanayotamkwa siku hizi katika kila semina na kila mahafali, husikika masikioni mwa wazee wetu kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Wao husema fulani "amekuwa mtu", na hilo halisemwi na mwenyewe. Husemwa na watu.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya darasa dogo la Kiswahili ninalofundisha Jumamosi hapa London. Binti mmoja wa miaka 14 aliacha kabisa kuzungumza Kiswahili tangu jamaa zake walipoyacheka matamshi yake arusini. Kila mtu alimwambia ajiamini. Ushauri haukumfaa, maana ulimtaka atoe kifuani mwake akiba ambayo hakuna aliyeiweka humo. Nikampa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Alipomaliza aliniuliza, "Mwalimu, mbona huyu hakuumia?"

Sijui uhakiki wa kitabu hicho uliopagusa penye jeraha kama swali lile. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotaja hali ya wazazi wake waziwazi. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini amri ya serikali haifuti kumbukumbu za majirani. Mama alifinyanga vyungu, binti akavitembeza kuviuza. Inasimuliwa kuwa alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba, na huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Jina la kwanza alipewa na jina la pili pia alipewa. Tusilisahau hili tunapomnukuu kama mfano wa mtu aliyejitengeneza mwenyewe.

Shaaban Robert aliipenda mno safari hii, na kwa maoni yangu mapenzi yake yamekipunguzia kitabu kitu. Kwake fanaka ni zao la mwenendo mwema. Siti anasimama safu moja na Karama wa Kusadikika na Utubora wa Utubora Mkulima, watu ambao maonevu huwaongezea nuru. Msomaji hupewa subira kabla hajaonyeshwa kidonda. Sababu yake naielewa. Aliandika juu ya mwanamke mwimbaji, katika jamii iliyomtilia shaka mwanamke anayeimba mbele ya wanaume. Alijiona ana kesi ya kutetea, na wakili mzuri hamleti mteja wake barazani akilia. Lakini anayesoma akiwa na kidonda kibichi hutoka amevutiwa na Siti bila kujua afanye nini na chake.

Jibu, naona, halimo katika maelezo ya mwandishi. Limo katika mkasa mmoja unaojulikana sana. Wapinzani wa Siti walimtungia wimbo wa kumkejeli: wakauliza utu wake umeanza lini, wakamkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, wakadai kuwa bila sauti yake angekosa hata chakula. Kejeli hiyo ni kali kwa sababu haina uongo mwingi. Kaniki ilikuwapo. Sauti ndiyo iliyomlisha. Na hapo hapo, bila kukusudia, wenye kejeli waliikiri sauti.

Siti akajibu kwa wimbo. Tazama alichokiacha. Hakuikana kaniki wala hakudai nasaba. Hakusema kuwa ni mzuri kuliko wanavyodhani. Alisema tu kwamba sura na ukoo mtukufu si hoja, hasara iko kwa aliyekosa akili. Jibu lote halina "mimi". Ameyaacha yote waliyoyasema yasimame, kisha akaiondoa mizani waliyompimia na kuweka nyingine, na juu ya mizani hiyo mpya wao ndio walioanza kupimwa. Huku ni kujiamini kusikokuwa na chembe ya kujiona, na Kiswahili chetu chenye mashaka hakikupata pa kumshika.

Ila hakuimba peke yake. Nyuma yake walikuwapo wapigaji, kina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban. Mbele yake wasikilizaji waliokaa kungojea jibu. Taarabu ya ikulu ilikuwa imezoea Kiarabu, yeye akaimba kwa lugha ya wanaokwenda sokoni, na mwaka 1928 kundi lake likasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima. Aliyetukanwa mtaani akasikika Lamu na Dar es Salaam. Wanaomwambia mtoto ajiamini wangejiuliza kwanza wamemwekea ukumbi gani, na nani ameketi tayari kumsikiliza mpaka amalize.

Nilimwambia binti kwamba nadhani Siti aliumia sana, na kwamba mtu hatungi jibu kwa tusi lisilomchoma. Alinitazama kama anayeona nimejibu kitu kingine. Darasani tumekubaliana kwamba hakuna kumcheka mtu katikati ya sentensi. Ukitaka, cheka akimaliza. Bado hazungumzi sana. Jumamosi iliyopita mdogo wake alisema "vitu yangu", naye akamwambia, bila kuinua macho kwenye daftari, "vitu vyangu", akaendelea kuandika.