Injini Zina Majina

Nyuma ya stesheni ya reli, hapo tu tao, kuna makumbusho ambayo wasee wengi wa Nairobi waliyaona mara ya mwisho wakiwa na yunifomu ya shule na chupa ya juisi. Makumbusho ya Reli yalifunguliwa mwaka wa 1971. Nje, injini za mvuke zimepumzika juani. Zisome ubavuni. Kuna Mount Gelai, mlima ulio kaskazini mwa Tanzania. Kuna Nyaturu, watu wa Singida. Shirika la reli lilikuwa na mazoea ya kubatiza injini: aina moja ikapewa majina ya milima, nyingine majina ya makabila.

Halafu kuna behewa la Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli. Mwaka wa 1900, pale Kima, alikaa ndani yake usiku akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Ryall akashikwa na usingizi, simba akaingia akamnyakua. Ni stori kali, na ndiyo kila mtoto huondoka nayo.

Sasa fikiria hesabu nyingine. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa. Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka njia hawakuhesabiwa hata kwa uangalifu huo. Ryall ana jina, cheo, mwaka na behewa. Injini ina jina. Kibarua ana nafasi ndani ya jumla.

Mtu atasema makumbusho huonyesha kilichobaki, na kibarua hakuacha behewa. Ni kweli, lakini nusu tu. Nilipanda mat ya kwenda Karen nikitaka kuona mahali ambapo majina yapo.

Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa mwaka wa 1912. Alifika Kenya mwaka wa 1914 na kuondoka 1931, kahawa ikiwa imemshinda. Baada ya uhuru, serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo. Mwaka wa 1985 ikatoka filamu ya Out of Africa, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa. Baadhi ya vyombo utakavyoviona vilitoka kwenye filamu hiyo. Kwa hivyo unatembea ndani ya nyumba halisi ukiongozwa na hadithi ya mapenzi ya Hollywood. Mahali ni pazuri, Milima ya Ngong iko pale nyuma, picha zitatoka poa. Lakini kila chumba kinamwelekea mwenye nyumba.

Ilhali hapa majina hayakupotea. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyesimamia nyumba. Kamante Gatura alikuwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu, akarudi akawa mpishi. Blixen aliwaandika wote wawili kwa upendo, ila ni upendo wa bwana kwa watu wake, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali kwa jinsi alivyowaona Waafrika. Kamante naye hakunyamaza. Mwaka wa 1975 kilitoka kitabu cha masimulizi yake, kilichokusanywa na Peter Beard. Mpishi alijibu, na alijibu kwa maandishi. Nyumba yenye bahati kama hiyo haina kisingizio cha kumwacha jikoni.

Kuna jambo zito zaidi. Shamba lilikuwa la takriban ekari 6,000, na lilipouzwa, familia za Wakikuyu zilizoishi humo zilitakiwa kuhama. Walitaka jambo moja: wasitawanywe. Blixen aliwatetea kwa serikali, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Yeye mwenyewe aliliandika hilo. Kutoka kwenye veranda yake hadi Dagoretti ni mwendo mfupi wa gari. Huenda wajukuu wao ndio mnaobanana nao kwa mat kila asubuhi, na hadithi ya jinsi walivyofika huko inastahili chumba kizima pale Karen.

Sisemi msiende. Nendeni. Makumbusho haya mawili mnaweza kuyamaliza kwa siku moja, na waongozaji wa Karen wanajua mengi kuliko kuta zinavyosema, bora uulize. Kawaida ziara huanza mbele, mahali wageni walipokaribishwa. Siku yako ikifika, omba kwa heshima muanzie jikoni, halafu uliza Kamante alitoka wapi na watu wake walienda wapi.