Ya Kale ni Dhahabu? Wapenzi wa Taarab ya Zamani na Suala la Uasilia katika Nyimbo za Lamu na Mombasa

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazokinzana kuhusu wakati. Ya kwanza husema ya kale ni dhahabu. Ya pili hujibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika mazungumzo juu ya taarab ya pwani ya Kenya, wapenzi wa nyimbo za zamani wameichukua ile ya kwanza na kuifanya kanuni ya uhakiki. Kwao, wimbo ulioimbwa kwa udi na fidla katika miaka ya 1960 una uzito usioweza kufikiwa na wimbo wa kinanda cha umeme. Hata hivyo, wapenzi hao hawaafikiani wenyewe kwa wenyewe. Hubishana juu ya mahali ilikozaliwa taarab, juu ya mahadhi yaliyo ya asili na yaliyoazimwa, na juu ya mpaka uliopo baina ya fumbo na tusi.

Ni rahisi kuyachukulia mabishano haya kuwa soga za barazani zisizo na nafasi katika taaluma. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Mtu anayeshikilia kwamba wimbo fulani ni bora kuliko mwingine, na akatoa sababu, anahakiki, hata kama hajapata kutumia istilahi za darasani. Swali la kuulizwa ni iwapo vigezo vyake vinaweza kusimama mbele ya historia ya sanaa yenyewe. Itaonyeshwa kwamba kigezo kimoja, kile cha neno, kinasimama imara, ilhali kigezo cha uasilia kinayumba kwa sababu kimejengwa juu ya ushahidi ambao nao ulikuwa umekwisha kupunguzwa.

Suala la Usuli

Simulizi iliyozoeleka katika maandishi ni ile ya Unguja. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alivutiwa na muziki wa Misri akampeleka huko Mohamed Ibrahim ili ajifunze kupiga ganuni. Mnamo 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zilizopigwa katika mazingira hayo ya kisultani zilikuwa za Kiarabu. Siti binti Saad (1880–1950) ndiye anayesifiwa kwa kukipa Kiswahili nafasi katika fani hiyo, hasa baada ya yeye na wenzake kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice.

Wapenzi wa upande wa Lamu hawaikubali simulizi hii pasipo masharti. Hoja yao ni kwamba muda mrefu kabla ya ganuni kufika Unguja, miji ya Amu, Pate na Siu ilikuwa na ushairi ulioghaniwa na kuimbwa. Hutaja kibangala, ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi. Hutaja pia gungu, ngoma ya karamu za waungwana, ambayo mapokeo huzinasibisha baadhi ya nyimbo zake na Fumo Liyongo. Ikiwa taarab ni shairi la Kiswahili linaloimbwa kwa nyuzi mbele ya hadhira inayoyapima maneno, basi, wasema, Unguja iliipa taarab jina na mavazi tu. Mwili wake ulikwishakuwapo kaskazini.

Ukichunguza kwa makini utaona kwamba pande hizi mbili hazizungumzii kitu kimoja. Wa Unguja wanazungumzia jina na ala. Neno taarab lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya ile furaha imshikayo msikilizaji, na kundi la ganuni, udi, fidla na nai ni mfano wa Misri. Wa Lamu wanazungumzia ushairi na namna ya kuusikiliza. Ubishi wa aina hii hauwezi kupata mshindi, kwa kuwa kila upande unashinda katika uwanja wake. Hata hivyo una faida moja kwa mhakiki. Dai la Lamu linayaondoa mazungumzo kwenye ala na kuyarudisha kwenye shairi, na huko ndiko fasihi iliko.

Mahadhi ya Kiarabu na Mahadhi ya Kihindi

Mjadala wa pili unahusu waimbaji wawili waliotawala taarab ya Mombasa kwa miongo kadhaa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alikuwa fundi wa udi aliyefuata mahadhi ya Kiarabu. Alishirikiana kwa karibu na Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mshairi wa Matondoni, ambaye mbali na kutunga alikuwa mlinzi wa tungo kongwe za visiwani. Kwa upande wa pili yuko Juma Bhalo (1942–2014), mzaliwa wa Malindi, aliyepata umaarufu kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapenzi wa taarab ya zamani wamegawanyika baina yao, na wale wa Zein huwa wepesi kusema kwamba mahadhi ya Kihindi yaliyafanya maneno kuwa mtumwa wa sauti.

Kauli hiyo ina ukweli wa kiufundi. Shairi la mizani kumi na sita huwa na vipande viwili vya mizani nane nane, na kina cha kati ndicho mlango baina yake. Mwimbaji wa mwendo wa taratibu anaweza kusita penye kina hicho, udi ukajibu, na msikilizaji akapata nafasi ya kuligeuza fumbo kabla ya kipande cha pili kumjia. Muziki hapo unatumikia umbo la shairi. Katika mahadhi ya filamu mambo hugeuka: lahani hutangulia ikiwa imekamilika, na mtunzi hulazimika kuyapima maneno yake kwa kimo cha lahani hiyo. Mishororo huweza kurefuka na kufupika, na kina cha kati kikapotea kabisa.

Hata hivyo, kutokana na ukweli huo haifuati kwamba maneno yalishuka thamani. Nyingi za nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita (1971) imesomwa na kuheshimiwa kama ushairi wa kiwango cha juu. Mshairi wa daraja hiyo hakuacha ujuzi wake mlangoni alipoitwa kuitungia lahani ya kigeni. Kilichotokea ni kwamba alifungiwa katika umbo jingine, na mfumbo wa maana, uteuzi wa maneno na nguvu ya kiitikio vikabeba mzigo ambao zamani ulibebwa na urari wa mizani.

Isitoshe, mahadhi ya Kiarabu nayo yaliazimwa. Udi si ala iliyobuniwa Lamu, na sauti za Kairo zilifika pwani kwa santuri, redio na filamu, njia zile zile zilizoleta sauti za Bombay. Ukiondoa mazoea ya masikio, hakuna msingi wa kuliita azimo moja asili na jingine uharibifu. Ikiwa upo uasilia katika nyimbo za Zein, usitafutwe katika vidole vyake juu ya nyuzi, japo vilikuwa stadi. Umo katika lugha. Tungo za kale alizoziimba zinahifadhi Kiamu, lahaja ambamo nchi ni nti, njia ni ndia na macho ni mato. Msikilizaji wa leo aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu husikia sauti tamu asifikie maana. Hapa lawama ya wapenzi wa kale ina uzito, maana kinachopotea ni uwezo wa kulifahamu shairi lenyewe.

Fumbo na Mipasho

Shutuma kubwa ya tatu huelekezwa kwa taarab ya kisasa iliyoenea tangu miaka ya 1990, hasa kutoka Tanzania, ambako mashindano baina ya Tanzania One Theatre na Muungano yaliupa umaarufu mtindo wa mipasho. Wapenzi wa zamani hudai kwamba taarab iliyokuwa ya mafumbo imegeuzwa uwanja wa kutukanana. Shutuma hii hugusa pia mtindo wa Mombasa, ambako Zuhura Swaleh aliingiza mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ndani ya taarab.

Historia ya ushairi wa Lamu haiungi mkono wazo kwamba ushindani wa maneno ni jambo geni. Katika zama za vita vya Shela, yapata 1812, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alizituma tungo zake dhidi ya Mombasa, na Muyaka bin Haji (1776–1840) wa Mombasa naye hakunyamaza. Karne moja na nusu baadaye, katika ushindani wa kugombea ubunge wa Lamu mnamo 1975, zilitungwa tungo zijulikanazo kwa jina la Kimondo, zikasambazwa kwa kanda za kaseti, upande mmoja ukitoa na mwingine ukijibu. Amidu (1990) aliziona kuwa zinastahili kitabu kizima. Kujibizana, basi, ni uti wa mgongo wa ushairi huu.

Tofauti iliyopo ni ya namna. Mshairi wa zamani alimrushia hasimu wake fumbo akiwa na hakika kwamba litafumbuliwa. Alitegemea hadhira iliyomjua mtendaji, tendo na mahali. Fumbo lilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: lilimchoma mlengwa, na lilimlinda mtunzi kwa kuwa hakuna jina lililotajwa. Mipasho inapoimbwa mbele ya watu elfu wasiojuana, mazingira hayo hayapo tena, na uwazi hujaza pengo la ujuzi wa pamoja. Kwa hiyo mpenzi wa kale anaposikitikia fumbo, kwa hakika anasikitikia mtaa. Uhakiki unaomlaumu mtunzi wa mipasho kwa uvivu wa fikra, pasipo kuitazama hadhira yake, unailaumu dalili na kuuacha ugonjwa.

Santuri, Kanda na Kipimo cha Uasilia

Kulinganisha na kwingine kunasaidia. Nchini Uingereza lilizuka mwishoni mwa miaka ya 1960 kundi la wanamuziki wa roki, miongoni mwao King Crimson, Yes na Genesis, waliotaka muziki wao uwe na upana wa utunzi wa kiorkesta. Wapenzi wao hadi leo hubishana kama wapenzi wa taarab: albamu ipi ni kilele, na ni lini usafi uliharibika. Lakini kuna tofauti ya msingi. Santuri kubwa iliwaruhusu wanamuziki hao kurefusha; Yes walipotoa Close to the Edge mwaka 1972, wimbo wa jina hilo ulijaza upande mzima, takriban dakika kumi na nane. Mpenzi anayerudi kwenye santuri hiyo anarudi kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa ilitungwa ili iwe santuri.

Taarab haikutungwa ili iwe santuri. Ilikuwa sanaa ya usiku kucha, ambamo mwimbaji alirudia ubeti kwa kuombwa, msikilizaji alitunza, na wimbo mmoja ulijibiwa na mwingine. Santuri za zamani zilichukua takriban dakika tatu kwa upande mmoja. Shairi lenye beti nyingi lilipaswa kukatwa au kugawanywa pande mbili. Utangulizi wa udi ukafupishwa. Sauti za hadhira zikaondolewa. Ile inayoshikiliwa kuwa taarab halisi ni muhtasari wake uliopimwa kwa kimo cha mashine.

Kaseti, ambayo baadhi ya wapenzi huilaumu kwa kuifanya taarab bidhaa rahisi ya sokoni, ilitenda kinyume. Kuanzia miaka ya 1970 iliwezekana kurekodi harusini moja kwa moja, na maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service yalieneza kanda hizo. Juu yake husikika beti nyingi zaidi, vigelegele, na mwimbaji akirudishwa nyuma kwa kuombwa. Kwa kigezo cha ukamilifu wa tendo la kisanaa, kanda yenye mikwaruzo ya miaka ya 1980 huenda ikawa karibu zaidi na taarab ya kale kuliko santuri safi ya 1960. Mpenzi anayepima uasilia kwa umri wa chombo amepima kisichostahili kupimwa.

Lipo pia yaliyoachwa nje kabisa. Wimbo wa vugo, ambao wanawake wa Lamu huuimba harusini huku wakigonga pembe, ni wa kale na una mafumbo makali, lakini haukupata nafasi studioni kama ulivyoipata udi wa wanaume. Matokeo yake, dhahabu ya kale inayozungumzwa ni ile tu iliyobahatika kupita mbele ya kipaza sauti. Kumbukumbu imechaguliwa kabla hata mabishano hayajaanza.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mabishano ya wapenzi wa taarab ya zamani ni uhakiki wenye vigezo. Kigezo cha usuli kinachanganya jina, ala na ushairi. Kigezo cha mahadhi kinayaona maazimo ya jirani na kuyafumbia macho ya nyumbani. Kigezo cha santuri kinaushika muhtasari kana kwamba ni kitabu kizima. Kigezo cha neno, hata hivyo, kinabaki. Wanaodai kwamba wimbo upimwe kwa maana yake, kwa ustadi wa fumbo na kwa utajiri wa lahaja wanasimama mahali ambapo washairi wa Lamu wenyewe walisimama.

Katika muda wa miaka minne tu, kati ya 2014 na 2017, pwani iliwapoteza Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Ahmed Sheikh Nabhany. Sauti zao zimehifadhika. Kisichohifadhiwa na kanda ni ujuzi wa nani aliambiwa nini, katika tukio gani, na neno lipi la Kiamu lina maana mbili. Ujuzi huo uko vichwani mwa wale wazee wanaobishana, na wengi wao wamekwisha kuwa watu wazima sana. Idara za Kiswahili zinazofundisha diwani zilizochapishwa zina wajibu wa kuwaendea wakiwa bado wanabishana, na kuyaandika mabishano yao ubeti kwa ubeti kama sehemu ya ufafanuzi wa tungo, kwa kuwa bila ufafanuzi huo fumbo la kale litabaki sauti tupu kwa kizazi kijacho.