Kukimbia bila kumkimbia mtu: kusoma Murakami hapa Lac Vert

Kila mtu anayeanza kukimbia kilomita nyingi, siku moja ataambiwa: soma Murakami. Na mimi niliambiwa hivyo na rafiki mmoja wa promosyo yetu. Haruki Murakami ni mwandishi wa Japani, amezaliwa 1949, anajulikana zaidi kwa riwaya zake. Lakini mwaka 2007 alitoa kitabu kidogo juu ya maisha yake ya kukimbia. Sisi tunakisoma kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Hélène Morita ya 2009, jina lake Autoportrait de l'auteur en coureur de fond. Nimekisoma mara mbili, na leo nataka niseme ninachokipenda na ninachokikataa ndani yake, juu naona vijana wengi wa ukurasa huu wanakisifu kama vile ni Biblia ya wakimbiaji.

Kwanza kitabu chenyewe. Murakami alikuwa na baa ya muziki wa jazz Tokyo. Akaifunga ili awe mwandishi tu, na mwaka 1982, akiwa na miaka 33, akaanza kukimbia. Mwaka uliofuata alikwenda Ugiriki, akakimbia peke yake kutoka Athens mpaka Marathon, mwezi wa saba, jua kali, na njiani anahesabu mbwa na paka waliogongwa na magari. Tangu hapo, karibu kila mwaka alikuwa anakimbia marathoni moja. Mazoezi yake yalikuwa kama kilomita 10 kwa siku, siku sita kwa juma. Na tarehe 23 Juni 1996 akakimbia kilomita 100 kwenye ziwa Saroma, kisiwa cha Hokkaido, akamaliza kwa saa 11 na dakika 42. Sura ya Saroma njo moyo wa kitabu, na ni sura nzuri sana. Mpaka kilomita 55 mambo yanakwenda. Anapumzika, anabadilisha viatu, na kuanzia pale mpaka kilomita 75 ni mateso matupu: kila sehemu ya mwili inagoma kwa zamu yake, na yeye anajishawishi kwamba yeye ni mashine, hana haki ya kusikia maumivu. Kisha kitu kinapita, maumivu yanabaki nyuma, anaenda tu mpaka mwisho. Tena anasema wazi kwamba baada ya siku ile hamu yake ya kukimbia ilipoa kwa muda mrefu. Kukiri kitu kama hicho kunahitaji uaminifu, na ninamheshimu kwa hilo.

Sasa shida inaanza kwenye neno. Kichwa cha Kijapani, tukikileta kwa Kiswahili, kingekuwa hivi: Ninachosema ninapozungumza juu ya kukimbia. Mpe mtu wa Lac Vert kichwa hicho bila kumwambia mwandishi ni nani. Atafikiri ni kitabu cha vita.

Kwetu kukimbia ni kitu kimoja na vitu viwili. Mkimbiaji na mkimbizi wametoka kwenye shina moja la neno, wanatofautiana mwisho tu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Watu wengi sana walipita hapa kwetu, barabara ya Sake, na godoro kichwani. Walikimbia, ijapokuwa wengi walikuwa wanatembea polepole. Februari 2024 mapigano yalipofika karibu na Sake, watu wakashuka barabara hiyohiyo kwa upande mwingine, wakajaza kambi za Mugunga, Bulengo na Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 bomu zikaanguka kwenye kambi za Mugunga na Lac Vert, zikaua watu zaidi ya kumi, watoto wakiwemo. Mwisho wa Januari 2025 M23 ikaingia Goma, na katika Februari kambi zikavunjwa, watu wakaenda tena na godoro zao. Ukisema hapa "mimi nakimbia kila asubuhi," neno lako linapita juu ya historia hiyo yote kabla halijafika kwenye masikio ya mtu.

Mimi ninafanya mazoezi ya ultramarathoni. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kinachozidi hapo ni ultra. Kutoka Goma mjini mpaka Sake ni kama kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50. Kwa hiyo niko na ultramarathoni yangu mbele ya mlango, haina medali, haina pesa ya kujiandikisha, na ninajitayarisha kwa ajili yake. Mama mmoja mzee jirani yetu aliniuliza katika siku za kwanza: "Mutoto yangu, unamukimbia nani?" Nikamwambia hakuna mtu, mama, ni mazoezi tu. Akaniangalia sana, kisha akasema: "Basi pita polepole hapa kwangu, juu batoto banaogopa."

Swali la mama huyo ni ukosoaji bora kuliko wote niliosoma juu ya Murakami. Mwandishi huyu anajivunia kitu kimoja kuliko muda wake wa saa 11 na dakika 42: kwamba kule Saroma hakutembea hata mara moja. Watu wengine walitembea kwenye milima, yeye hapana. Anatamani hata kwenye kaburi lake waandike hivyo, kwamba alau hakutembea. Wanaonukuu kitabu hiki wanapenda sana sehemu hiyo. Wanasema: ona, nidhamu!

Hapa Lac Vert nidhamu ni kinyume chake. Mtu anayekimbia kwa kasi katikati ya watu ni habari mbaya yenye miguu miwili. Watu hawangoji kuuliza. Mama anaokota mtoto, muuza makala anafunga mfuko, na mtu wa tatu anakimbia kwa sababu wa pili amekimbia. Kwa hiyo niko na sheria zangu. Karibu na soko natembea. Nikiona watu wenye silaha natembea, mikono inaonekana, nasalimia. Kwenye parsele za watu waliorudi juzi kutoka kambini natembea. Nikivuka kundi la mama wenye bido za maji kutoka ziwani, natembea na ninasema "Jambo ba mama," juu kupita mkubwa bila salamu ni aibu hata kama pumzi imekwisha. Katika kilomita 12 za asubuhi labda natembea mbili. Murakami angesema nimeharibu mazoezi. Mimi nasema yeye alikuwa na barabara ambayo mwendo wake haukumtisha mtu yeyote, na hakuiona kama zawadi. Barabara hiyo iko ndani ya kila ukurasa wake, lakini haitajwi.

Anasema pia kwamba anakimbia ili apate utupu, saa moja ya kutosema na mtu, kichwa kiwe cheupe. Hapa kichwa hakiwezi kuwa cheupe. Kwanza chini: tunaishi juu ya mawe ya vulkano, na jiwe la lava linakula soli ya kiatu kama msasa. Macho yanabaki kwenye mguu. Pili hewa: upande wetu huu wa magharibi, kando ya ziwa Kivu, kuko mazuku. Kwa ambaye hajui, mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Haionekani na inaua, mbuzi au mtu. Kwa hiyo njia yangu ya alfajiri inapita juu. Kamba za viatu nazifunga mahali pa juu tu, siinami kwenye shimo. Tatu masikio: pikipiki, malori ya Sake, chukudu inayoteremka na mzigo, na milio mingine ambayo sote tumejifunza kuitofautisha. Sina utupu kwa hiyo, niko na uangalifu, na nimeanza kuamini kwamba uangalifu ni mazoezi mazuri zaidi. Nikirudi nyumbani naweza kukwambia kartie imelalaje na imeamkaje.

Sasa niseme kama mtu wa agronomia, kazi niliyosomea. Kuna mahali Murakami anasema kwamba mwili wake unanenepa haraka, na kwamba anaona hiyo kama bahati, juu inamlazimisha kufanya mazoezi. Wanene wenzake watacheka. Lakini tufanye hesabu. Mtu anayekimbia anatumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mimi niko na kilo 60. Kilomita 60 kwa juma, kama zile za Murakami, ni kilokalori 3600. Kilo moja ya unga wa mahindi inatoa karibu kiasi hicho hicho. Maana yake mazoezi yangu ya juma moja yanakula kilo nzima ya unga, juu ya kile ambacho ningekula kwa kawaida. Ni bukari ya jioni ya nyumba nzima. Na zile kilomita 100 za Saroma, kwa mwili wangu, zingekula kilo moja na zaidi ya nusu kwa siku moja.

Kumbe ultramarathoni ni mchezo wa shamba lililojaa. Murakami hawezi kuona hilo, juu chakula kwake kipo tu. Goma inakula maharagwe na viazi vya Masisi na Rutshuru. Mwaka 2024 barabara zilipokatwa bei zikapanda, na mtu aliyekuwa anakimbia alilisikia hilo kwenye mapaja kabla ya kulisoma kwenye habari. Miezi hiyo nilipunguza mazoezi mpaka kilomita 20 kwa juma. Nguvu ya moyo ilikuwepo, ila nyumbani tuko watu saba na sahani haidanganyi. Kitabu kinafundisha kwamba kushindwa ni jambo la nia. Kwa hiyo kijana wa hapa akikisoma peke yake anaweza kujihukumu kwa kitu ambacho kwa kweli ni hesabu ya unga.

Kuna mfano wake mwingine. Anasema kuna waandishi wenye chemchemi ya asili, lakini yeye ni lazima apasue mwamba kwa patasi, achimbe shimo refu, njo apate maji. Ni mfano mzuri. Hapa kwetu watu wanaufanya kwa mikono. Wanapasua lava kwa nyundo ili wapate kiwanja cha nyumba. Wanabeba udongo, wanaujaza ndani ya mifuko, wanapanda mchicha na kitunguu juu ya jiwe ambalo halina hata sentimita tano za udongo. Mimi nimesaidia mama wengi kupanga mifuko hiyo. Wanajua kitu ambacho Murakami anakijua pia: kazi ndogo, kila siku, mahali palepale, bila mtu wa kukupigia makofi. Kwa upande huo kitabu chake ni cha watu wa kwetu kuliko anavyofikiri yeye, na kuliko wanavyofikiri wanaokidharau.

Juu wapo wanaokidharau. Rafiki mmoja aliniambia: "Hicho ni kitabu cha matajiri, achana nacho, huku watu wanatafuta chakula, weye unatafuta kuchoka." Sikubaliani naye. Tukisema kwamba mtu wa Goma ana haki ya kukimbia tu wakati bomu iko nyuma yake, tumemaliza kazi ya bomu. Nimekuwa mkimbizi mara mbili, nilijua kila mara sababu ya kukimbia, na sababu hiyo haikuwa yangu. Alfajiri, kukimbia ni kwangu. Hakuna anayenisukuma. Vita si mada ya kitabu hiki cha Murakami, lakini anatetea jambo hili vizuri kuliko wote: mtu anaweza kuchagua kuchoka, bila faida, bila kumshinda mtu, na asidaiwe maelezo. Katika mji ambapo kila kitu unachofanya unaulizwa kinaleta nini, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, kulikuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na kufanyishwa mazoezi kwa msaada wa Tegla Loroupe; wawili walikuwa wanajudo wa Kongo yetu. Wakimbizi wanaokimbia. Kwa Kifaransa hayo ni maneno mawili ya mbali. Kwa Kiswahili mtangazaji angeyatamka na kila mtu wa Mugunga angeelewa safari nzima.

Kwa maoni yangu kitu kinachokosekana kabisa katika kitabu cha Murakami ni kurudi. Anaandika sana juu ya kuanza, juu ya kati, juu ya mstari wa mwisho. Kurudi nyumbani hakuandiki, juu hajawahi kuwa na shaka kwamba nyumba itakuwepo. Lakini huo njo mpaka kati ya maneno yetu mawili. Mkimbizi anaondoka na hajui. Mkimbiaji anaondoka na amesema nyumbani atarudi saa ngapi. Mimi namwambia dada yangu kila asubuhi: saa moja na nusu niko hapa. Nikichelewa dakika kumi anasimama mlangoni. Ndiyo maana Goma–Sake–Goma, siku nitakapoikimbia, nitaihesabu kuanzia Sake, kilomita 25 za kurudi.

Kisomeni kitabu, ni kifupi, kinasomeka kwa siku mbili. Sura ya Saroma msiiruke. Lakini mkifika pale anapojisifu kwamba hakutembea, simameni kidogo, mfikirie nani anaishi kando ya barabara yenu. Na kama kuko mtu wa hapa anayekimbia na amejiwekea sheria zake za wapi pa kutembea, aziandike hapa chini. Zitatusaidia sisi wengine.