Sauti ya Nani? Jinsi Filamu ya Bessie Smith Ilivyotengenezwa

Anayetaka kutengeneza filamu ya televisheni kuhusu maisha ya mwimbaji ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla ya kutafuta waigizaji, kabla ya kushona nguo za zamani, hata kabla ya skripti kukamilika: mtazamaji atasikia sauti ya nani? Hapo ndipo hupatikana jibu la nani aajiriwe, kamera ikae karibu au mbali, na wenye hakimiliki walipwe kiasi gani.

Njia ziko kadhaa. Mwaka 2001 kituo cha ABC cha Marekani kilipoonyesha maisha ya Judy Garland, Judy Davis na Tammy Blanchard waliigiza kwa pleibeki. Iliyosikika ilikuwa sauti ya Garland mwenyewe kutoka kwenye rekodi zake, na waigizaji wote wawili waliondoka na tuzo za Emmy. Filamu ya Whitney Houston iliyorushwa na Lifetime Januari 2015, chini ya mwongozaji Angela Bassett, ilichukua uso wa Yaya DaCosta na sauti ya Deborah Cox. Miezi miwili kabla ya hapo kituo hicho hicho kilikuwa kimeonyesha maisha ya mwimbaji Aaliyah bila baraka za familia yake. Nyimbo zake mwenyewe hazikupatikana, kwa hiyo watengenezaji wakaegemea nyimbo za wasanii wengine ambazo Aaliyah aliwahi kuzirudia. Ni vigumu kumweleza msanii kwa mtu asiyemjua ikiwa kazi zilizompa jina haziruhusiwi kusikika.

Filamu ya “Bessie”, inayohusu mwimbaji wa bluzi Bessie Smith na iliyoonyeshwa na HBO tarehe 16 Mei 2015, ilishika njia yenye hatari zaidi: Queen Latifah aliimba mwenyewe.

Hatari hiyo ilikuwa na sababu yake. Bessie Smith alirekodi santuri yake ya kwanza ya kampuni ya Columbia, “Downhearted Blues”, Februari 1923 mjini New York, akisindikizwa na piano ya Clarence Williams peke yake. Enzi hizo studio haikuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya bomba kubwa lenye mdomo mpana, sauti yake ikasukuma sindano, nayo sindano ikachora mfereji kwenye nta. Sauti za chini kabisa na za juu kabisa zilipotea njiani. Columbia ilihamia kwenye urekodi wa umeme mwaka 1925, na hata hivyo mikwaruzo ya santuri haikuisha. Ukiichukua sauti ile ukaiweka kwenye kinywa cha mwigizaji aliyepigwa picha kwa kamera za kisasa, macho yataona mwaka 2015 na masikio yatasikia 1923. Mtazamaji ataugundua mshono huo mara moja.

Kumwiga Bessie kwa mwili nako kulikuwa na mipaka. Picha pekee zinazotembea ambazo aliziacha ni za filamu fupi “St. Louis Blues” ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Dudley Murphy, yenye urefu wa takribani robo saa. Humo anaonekana ameegemea kaunta ya baa, ameachwa na mwanamume, anaimba. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini inaonyesha hali moja tu ya moyo. Haimwonyeshi akicheza dansi jukwaani, akigombana na wasimamizi, wala akicheka na wenzake ndani ya behewa. Yote hayo Latifah alilazimika kuyajenga upya.

Na aliyajenga kwa busara. Bessie alikuwa na tabia ya kulivuta neno mpaka likachelewa nyuma ya mdundo, kuizungukazunguka noti moja kabla ya kutua juu yake, na kukata pumzi mahali ambapo mwimbaji mwingine angeendelea. Latifah ameazima mwendo huo akaiacha rangi ya sauti. Aliyeanza kama mwanarap wa New Jersey mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa tayari ametoa albamu za nyimbo za jazi na nyimbo za zamani, kwa hiyo kooni mwake palikuwa na akiba ya kutosha. Sauti yake ni laini kuliko ya Bessie, na anayezifahamu santuri za Columbia ataitamani ile sauti ya kukwaruza ya asili. Lakini kwa kuwa maneno na wimbo vinatoka katika kifua kimoja, mwongozaji Dee Rees anaweza kusogeza kamera hadi shingoni mwa mwigizaji wakati anavuta pumzi. Kwa sauti ya kuazima, kamera ingelazimika kurudi nyuma kila wimbo unapoanza.

Rees alikuwa ametoa “Pariah” mwaka 2011, filamu ndogo kuhusu binti wa Brooklyn anayejitafuta, na mkono ule ule unaonekana hapa. Anapenda nyuso na ngozi za watu weusi zipigwe mwanga kwa uangalifu. Mpigapicha mkuu, Jeffrey Jur, anaifungua filamu mwaka 1927 kwa kumwonyesha Bessie akiwa kileleni, amefunikwa na mwanga wa buluu, amechoka katikati ya utukufu wake. Kisha tunarudishwa Atlanta mwaka 1913, alipokuwa bado msichana anayepigania nafasi jukwaani. Kisengere nyuma cha namna hii kimezoeleka katika filamu za aina hii, lakini hapa kina kazi maalumu. Kwa kuwa umaarufu umeshaonyeshwa mwanzoni, mtazamaji haketi akisubiri kama mwanamke huyu atafanikiwa. Anafuatilia gharama aliyolipa. Shida za utotoni, yaani kufiwa na wazazi mapema na kulelewa kwa mkono mgumu na dada mkubwa, Viola, zinakuja vipande vipande tu, na zinakuja pale ambapo mtu mzima anafanya jambo linalohitaji kuelezwa.

Sehemu bora ya filamu inahusu kujifunza kazi. Msichana anajipenyeza kwenye treni ya mwimbaji Ma Rainey, ambaye Mo'Nique anamwigiza kwa mamlaka ya mama mwenye nyumba, naye anapokewa. Historia ni tofauti kidogo: mwaka 1912 Bessie aliingia katika kundi la Moses Stokes kwa msaada wa kaka yake Clarence, akaajiriwa kama mcheza dansi kwa sababu mwimbaji, Ma Rainey, alikuwapo tayari. Waandishi wameyabana mambo hayo ili Clarence asifungue mlango na Bessie aufungue mwenyewe. Ubanaji huo unakubalika kwa sababu ya kile kinachofuata. Tunamwona Ma akimfundisha kusimama, kusubiri, kuwatazama watu waliolipa kiingilio, kujua lini anyamaze. Filamu nyingi za waimbaji humfanya nyota azaliwe akijua kila kitu, zikabaki zikisubiri dunia imtambue. Hapa bluzi ni ufundi unaorithishwa kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, na mwanafunzi anapoanza kupigiwa makofi mengi kuliko mwalimu, ugomvi wao unakuwa na uzito kwa sababu tuliyaona masomo yenyewe.

Kuna jambo jingine la ufundi wa skripti linalostahili kutajwa. Mapema, Bessie anafanyiwa majaribio na msimamizi anayelinganisha ngozi za wasichana na mfuko wa karatasi ya kahawia. Aliye mweusi kuliko mfuko hana kazi. Bessie anafukuzwa. Baadaye, akiwa na kundi lake mwenyewe, anausimamisha mfuko ule ule mbele ya wasichana wanaotafuta kazi na kuugeuza mtihani: aliye mweupe kuliko mfuko hatakiwi. Hakuna hotuba juu ya ubaguzi wa rangi ya ngozi miongoni mwa weusi wenyewe. Kifaa kimoja kinaonekana mara mbili, na umbali kati ya mara hizo mbili unaeleza safari yote. Waandishi wa tamthilia za televisheni, wanaowaachia wahusika waeleze kwa maneno kila wanachokihisi, wangefaidika kuitazama filamu hii mara kadhaa.

Hema nalo limetumiwa vizuri. Waimbaji wa bluzi wa Kusini mwa Marekani waliishi kwa kusafiri, wakasimamisha turubai nje ya mji, wakaimba bila kipaza sauti juu ya kelele za watu na bendi. Julai 1927, huko Concord, North Carolina, watu wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan walikuja kung'oa vigingi vya hema la Bessie wakati onyesho likiendelea, naye akatoka nje kuwakabili hadi wakaondoka. Filamu inalionyesha tukio hili, na ustadi wake uko katika sauti: shangwe ya ndani na tishio la nje vinatenganishwa na kitambaa tu. Haishangazi kwamba kati ya tuzo 4 za Emmy ambazo filamu ilipata mwaka 2015, ikiwamo ya filamu bora ya televisheni, moja ilikwenda kwa wachanganyaji sauti na nyingine kwa Jur. Lawama ndogo niliyonayo ni kwamba nyimbo za hemani zinasikika safi mno, kana kwamba maikrofoni ipo sentimita chache kutoka mdomoni. Ningependa kusikia jasho la mtu anayeirusha sauti hadi kwa aliyesimama nyuma kabisa.

Uamuzi mgumu kuliko yote umeachwa mwishoni. Bessie Smith alifariki tarehe 26 Septemba 1937 baada ya ajali ya gari kwenye barabara kuu namba 61 karibu na Clarksdale, Mississippi. Muda mfupi baadaye mtayarishaji wa rekodi John Hammond aliandika katika jarida la Down Beat habari kwamba alikataliwa katika hospitali ya wazungu, na Edward Albee akaitungia tamthilia hadithi hiyo. Utafiti wa Chris Albertson, aliyeandika wasifu wake mwaka 1972, ulionyesha kuwa alipelekwa moja kwa moja katika hospitali ya weusi ya Clarksdale. Mwandishi mvivu angeikimbilia ajali, kwa sababu machozi yake ni rahisi. Rees anaifunga filamu kabla ya siku hiyo, Bessie akiwa hai na mpenzi wake Richard Morgan pembeni yake. Amekataa kuyafanya maisha yote yaonekane kama maandalizi ya kifo kimoja, na kwa kufanya hivyo anaziacha nyimbo zibebe uzito ambao hadithi ya ajali ingeuchukua.

Mahali filamu inapopungukiwa ni kwenye hesabu za fedha. Theluthi ya mwisho inakimbia: mdororo wa uchumi baada ya 1929, soko la santuri kuanguka, ndoa yake na Jack Gee kuvunjika, vyote vinapita haraka haraka. Jambo kubwa zaidi ni mkataba wa Columbia. Bessie aliirekodia kampuni hiyo nyimbo takribani 160, na kwa kila upande wa santuri alilipwa kiasi maalumu bila mirabaha. Santuri ikiuza nakala elfu moja au laki kadhaa, malipo yake yalikuwa yale yale. Filamu inayoeleza kwa makini hivyo namna alivyojifunza kuimba ingepaswa kueleza pia namna sauti hiyo ilivyouzwa. Dakika 5 mbele ya Frank Walker wa Columbia, mkataba ukiwa mezani, zingemwonyesha mtazamaji kwa nini mwanamke aliyejaza mahema Kusini nzima alilazimika kurudi barabarani kila msimu.